SGR Dar–Moro: nyota 4, na daraja la Ilala ndo limezibeba karibu zote

Wadau, najua rivyu za SGR, ile treni ya umeme ya mwendokasi, mshazisoma mpaka mmechoka, kila mtu anasifia viti, anasifia eisii, anapiga picha ile skrini ikisoma kilomita 160 kwa saa, basi, kamaliza. Mimi nimeenda Moro wiki iliyopita na nataka niongelee kitu ambacho abiria wengi wanakipita wakiwa bado wanabishana na mabegi, nacho ni lile daraja. Lile linalotoka mjini likapita juu juu ya Ilala, kama kilomita mbili na nusu hivi. Mimi mtoto wa Shaurimoyo, hapo hapo Ilala, nimeliona linaota kutoka ardhini, kwa hiyo mtanisamehe nikirefusha.

Ya kawaida tuyamalize fasta. Nauli ya Moro daraja la kawaida (hili ni daraja lingine, kiswahili nacho bana) ni 13,000, Dodoma ni 31,000. Kitambulisho usisahau, mizigo inapita kwenye mashine kama uwanja wa ndege, na wahi. Mimi nusura niachwe, bodaboda kaniapia stesheni anaijua halafu kanishusha kwenye ile ya zamani, nikamaliza safari kwa miguu na begi kichwani huku jasho linanitoka na yeye hela kashachukua.

Haya, daraja.

Waliokulia maeneo yale wanajua ya reli ya zamani, ile ya mita moja. Ipo chini, inakata barabara, treni ikija magari yanasimamishwa, daladala zinajipanga, bodaboda wanapenya hivyo hivyo utadhani wana roho mbili. Tangu 2012 ilipokuja treni ya Mwakyembe, ile ya abiria wa mjini inayopita reli hiyo hiyo ya zamani, ndo kabisa, asubuhi na jioni mnasubiriana. Sasa chukua treni ya umeme, nyaya za kilovolti 25 kwa juu, uipitishe kwenye makutano kama yale mara kadhaa kwa siku, ama utaua watu ama treni itatembea kama mkokoteni. Na ile ya zamani huwezi kuing'oa, watu wa Pugu wataendaje kazini? Ndo maana wakapanda juu. Ukipita juu, kule chini unahitaji sehemu ya kusimamisha nguzo tu, zaidi ya hapo magari yanapita, reli ya zamani inapita, muuza madafu naye anapita.

Kitu nilichokuwa sikielewi zamani ni kwa nini liwe refu vile. Flaiova ya Mfugale pale Tazara, iliyofunguliwa 2018, inapanda chap inashuka chap, gari linamudu kwa sababu tairi ya mpira inang'ang'ania lami. Treni ni chuma juu ya chuma. Mlima mdogo tu kwake ni kazi, kwa hiyo inabidi ipandishwe taratibuu, ikae juu, halafu ishushwe taratibu vile vile, na kona pia haitaki za ghafla. Ukijumlisha hayo, kuvuka barabara chache tu unajikuta umeshajenga daraja la kuvuka mtaa mzima.

Hii elimu sikuipata shule. Binamu yangu alipata kibarua cha kusuka nondo kwenye huo mradi, alikuwa analala kwetu sebuleni. Jiwe la msingi Rais Magufuli aliliweka Pugu Aprili 2017, na Waturuki wa Yapı Merkezi ndo walikuwa na kazi ya kipande cha Dar mpaka Moro. Mama alikuwa na genge lake la chakula, basi vibarua wote wakawa wateja, ubwabwa maharage unaisha saa saba mchana. Binamu akirudi jioni anaanza lekcha: "Mama mdogo, hiyo nguzo unayoiona siyo nguzo yote, nyingine imezama chini huko." Mama anamjibu, "Na wewe hela ya chakula cha juzi imezama wapi?" Ila alikuwa mkweli. Alitueleza wakimwaga zege wanachukua sampuli wanaziweka pembeni, siku ya 28 wanaziponda na mashine waone zina nguvu gani, kwa hiyo kila nguzo ina historia yake kwenye makaratasi. Sisi mtaani nyumba siku ya tatu tunapandisha tofali, hatuna hata habari.

Sasa ukiwa ndani ya behewa. Ushauri wangu, tafuta dirisha la kulia kwa kuangalia treni inakoelekea. Mnatoka mjini, mara unaona mabati yako chini yako, maghorofa ya Kariakoo yamesimama yote kwa upande ule, nguo zimeanikwa juu ya paa, watoto wanapunga mikono. Mji ambao siku zote unauona kwa chini, kwenye foleni, na mtu anakuuzia karanga dirishani, ghafla unauona kwa juu, na hausikii kelele zake hata kidogo. Na haikimbii pale, inateleza tu, mbio zenyewe zinakuja mbele huko mkishauacha mji. Kwangu mimi zile dakika chache ndo zina thamani ya nauli. Hiyo 160 mnayoishangilia, Wajapani treni yao ya mwendokasi 1964 walianza na 210, sio kwamba nabeza, basi la Moro siku ya foleni ya Kibaha linakula masaa manne na zaidi na treni hata mawili haifiki, ila spidi utaizoea safari ya pili. Ile ya kupita juu ya kwenu hauzoei.

Nilikuwa na jirani kwenye siti, kijana kapendeza, hatujamaliza hata Ilala kashusha pazia anataka kulala. Nikamwambia kaka samahani, niachie kidogo nione kwetu. Kaniangalia kama nimetoka shamba.

Nyota moja nimeikata kwa ajili ya Moro. Stesheni iko Kihonda, mjini bado unadaiwa safari nyingine, na bajaji niliyopanda iliniona mgeni ikanipiga bei ambayo naona aibu kuiandika hapa.

Kuhusu mama. Genge alishafunga siku nyingi, vibarua waliondoka na njaa yao. Ila siku naondoka nilimpigia nikamwambia treni yangu ni ya saa fulani, akatoka akasimama nje na kitenge chake anakipeperusha. Mimi nimeganda dirishani natafuta, nimeona vitenge kama sita hivi, sikujua chake kipi. Nilipofika nikampigia, nikamuuliza mama uliniona?

"Nikuone wapi mwanangu, linapita refu hivyo. Nimeyapungia mabehewa yote."