Kama unataka kubaindi kitabu Kigoma, mtafute huyu fundi wa Mwanga

Wana Kigoma mnaouliza wapi wanabaindi vitabu vizuri, kuna fundi yupo ndani ya stationari ndogo pale Mwanga, nendeni kwake. Mimi nilimpelekea kijitabu cha vijana wetu wa kanisani kuhusu al-Qasr, kijiji cha kando ya mto Nile kule Misri karibu na Nag Hammadi, ambako inasimuliwa mwaka 1945 mkulima Muhammad Ali al-Samman na wenzake walikuwa wanachimba udongo wa mbolea chini ya mlima wakakuta mtungi una vitabu vya kale vya Kikopti, lugha ya zamani ya Wamisri. Leo vinahesabiwa 13, vipo makumbusho Cairo, ila kurasa nyingine eti mama yake aliwashia moto wa tanuri. Inauma sana jamani.

Sasa huyu fundi. Wengi siku hizi wanakutobolea matundu wanapachika spairo basi, mwezi hauishi kurasa zinachomoka. Yeye anakunja karatasi anashona kwa uzi kwenye mkunjo, halafu jalada analijaza vipande vya maboksi na makaratasi yaliyokwisha kazi, anapaka gundi, anagandamiza na matofali mpaka kesho yake. Nikamwambia aisee hata wale wa Misri walifanya hivi hivi, majalada yao ya ngozi yalijazwa barua na risiti kuukuu, na kwenye jalada moja kuna karatasi ya mwaka 348, ndo wataalamu wakajua kitabu kile hakikutengenezwa kabla ya hapo. Akaweka brashi chini akataka kujua karatasi zenyewe zilikuwa za nini, nikamwambia za mafunjo, haya haya yaliyojaa kwenye vinamasi vya Malagarasi. Alifurahi huyo!

Tatizo ni picha tu, printa yao imetoa ule mlima mweusi tii huoni hata jiwe, kwa hiyo picha kaprinti kwingine umletee yeye kazi ya kubaindi. Bei elfu nne kopi moja, zikiwa nyingi anapunguza. Si rahisi, ila kopi moja ya kijana wetu ililowa chapachapa kwenye boti, ikaanikwa juani, na hakuna ukurasa hata mmoja uliochomoka. Jumamosi wanafunga mapema, wahini asubuhi.