Uzoefu wangu: walipima hatari za mashine zetu, eleveta ikaongoza

Kiwanda chetu kinasaga mahindi, kiko Iringa. Tuna vinu vitatu vya nyundo vya kilowati 55 kila kimoja, mashine ya kukoboa, na eleveta moja ya vikombe inayopandisha mahindi juu. Mimi ni msimamizi wa karakana. Zamani ratiba ilikuwa ileile kwa mashine zote: grisi kila Jumamosi, beringi mpya kila miezi sita hata kama iliyopo bado nzima. Na ukitoa beringi nzima, ukafunga mpya kwa kuigonga nyundo, umejitafutia ugonjwa mwenyewe.

Mwaka jana bosi alileta kampuni ya ushauri (jina nalihifadhi). Kwa siku mbili tukaulizwa maswali matatu juu ya kila mashine: ikifa tunapata hasara gani, huwa inakufa mara ngapi, na dalili zake tunaziwahi au hapana. Kila jibu alama 1 hadi 10, kubwa ndiyo mbaya, kisha unazidisha. Nilitegemea vinu viongoze. Vikapata 5 × 6 × 3, yaani 90. Eleveta, yenye kimota cha kilowati 4, ikapata 9 × 4 × 8. 288! Nilicheka, halafu nikanyamaza. Kinu kimoja kikifa, viwili vinasaga. Eleveta ni hiyo hiyo moja, gia boksi yake inafuatwa Dar es Salaam, na kule juu alikuwa hapandi mtu.

Hapo waliniweza.

Walipima pia mtetemo. Kinu kimoja kilisoma milimita 3.4 kwa sekunde. Kwa mota ya ukubwa ule, kiwango walichotumia, ISO 10816 (kanuni za kimataifa za mtetemo wa mashine), kilianza kununa ukipita 2.8, na ukipita 7.1 zima. Zamani ningebadilisha beringi siku hiyohiyo. Tukaipima kila wiki, ikaenda miezi minne zaidi, tukaibadilisha siku ambayo mahindi yalichelewa kufika.

Kilichoniudhi ni kwamba walituhoji mimi na mhasibu tu. Mzee wetu wa zamu ya usiku hakuulizwa kitu, naye ndiye anayejua kwamba mkanda wa eleveta ukianza kuhama, harufu ya mpira unaisikia mapema kabla haujakatika. Tena kuna kubwa zaidi: mkanda unaosugua bati unatoa joto, na vumbi la nafaka linaloelea hewani ndani ya eleveta likipata joto la kutosha linaweza kulipuka. Alama yao ya hasara ilihesabu magunia, watu hawamo! Nilipowaambia walirekebisha, ila hilo walipaswa kuja nalo wao.

Sasa tumefunga swichi inayozima mota mkanda ukihama, na kila zamu mtu mmoja anapanda juu kunusa na kugusa beringi.

Nawapa nyota nne. Ya tano nimeikata kwa sababu ripoti ilikuja kwa Kiingereza tupu. Nimetafsiri jedwali mwenyewe kwa kalamu, limebandikwa mlangoni pa karakana, na mzee wa usiku ameshafuta alama mbili akaandika zake.