Uzoefu wangu na holda ya fyuzi ya kuunga kwenye waya wa sola

Kama unatumia sola yenye betri, holda ya fyuzi ya kuunga katikati ya waya (kishikio cha fyuzi, ile inayoungua na kukata umeme ukizidi) ninaipendekeza bila kusita, ila si kila inayouzwa. Nimetumia za aina mbili kwenye mfumo uleule na zimenipa matokeo tofauti kabisa.

Nina duka dogo nje kidogo ya Babati. Paneli ni ya wati 150, betri ni ya maji ya volti 12, N100 (yaani ya ampi-saa 100), halafu kuna kontrola (kifaa kinachosimamia uchaji wa betri), taa tano, TV ndogo ya DC na meza ya kuchajia simu za wateja. Betri ipo stoo, kontrola ipo ukutani dukani, na katikati inapita waya ya mita kama tatu. Hiyo ndiyo waya niliyotaka ilindwe. Fundi aliniuliza, "Dada, kontrola ina fyuzi yake ndani, hiyo nyingine ya nini?" Ni kweli inayo, lakini inalinda vitu vilivyo mbele yake. Shoti ikitokea kabla umeme haujafika kwenye kontrola, hakuna cha kuuzuia. Betri ya ukubwa ule inaweza kutoa mamia ya ampi kwa mkupuo, hata kupita elfu moja, na waya ya milimita 2.5 haibebi mzigo huo: ganda linayeyuka, kisha linashika moto. Kwa hiyo fyuzi nimeitaka kwenye waya ya chanya, karibu kabisa na betri. Yangu iko sentimita 15 hivi kutoka kwenye tominali. Ukiiweka kule kwenye kontrola, mita zote tatu za nyuma yake zinabaki bila ulinzi.

Holda ya kwanza aliyoleta fundi ilikuwa ile ya plastiki ya kuzungusha, yenye fyuzi ya kioo na springi ndani. Sikuipenda. Jioni, TV ikiwa imewashwa na simu zimejaa mezani, ukiishika inakuwa ya moto. Nilimwomba fundi apime kwa mita kati ya upande mmoja wa holda na mwingine, ikaonyesha karibu volti 0.3 zinapotea hapo hapo. Kwa mfumo wa volti 12 hiyo si kidogo, na inayopotea yote inageuka joto. Springi ikipata joto inalegea, ikilegea mguso unazidi kuwa mbaya, na joto linaongezeka tena. Plastiki ilianza kulainika bila fyuzi kuungua, kwa sababu umeme haukuwa umezidi. Tatizo lilikuwa kwenye mguso.

Nikanunua nyingine kwenye duka la spea za magari, ile ya fyuzi bapa kama za kwenye gari, yenye kifuniko cha mpira. Hii ndiyo ninayoisifia. Meno yake yanabana fyuzi kwa nguvu, kifuniko kinazuia vumbi na mvuke wa asidi, na kwa mzigo uleule kilichopotea kilikuwa chini ya volti 0.1. Rangi za fyuzi zake zinanisaidia sana: nyekundu ni ampi 10, buluu 15, njano 20, kijani 30. Hata kijana anayenisaidia dukani anajua kwamba pale inakaa buluu, si nyingine.

Kwa nini buluu? Vifaa vyangu vyote vikiwaka pamoja vinakula karibu ampi 9. Fyuzi haipendi kubeba mzigo kamili saa nyingi mfululizo, kwa hiyo nimeacha nafasi ya robo hivi juu yake, ikaja 11 na kitu, na saizi inayofuata ni 15. Waya yangu inabeba zaidi ya hapo, kwa hiyo fyuzi itaungua kwanza. Ukiweka ya 30 kwenye waya nyembamba eti isikusumbue kuungua, waya ndiyo imekuwa fyuzi yako.

Imeshanilipa. Stoo ina magunia ya mahindi, na penye mahindi panya hawakosekani. Asubuhi moja duka lilikuwa kimya, hakuna taa wala TV. Fyuzi imeungua. Tulipofuata waya tukakuta panya wametafuna ganda hadi shaba mbili zikagusana, nyuma kabisa ya magunia makavu. Waya haikuwa na alama hata ya moshi. Tukabadilisha kipande kile, tukakipitisha ndani ya bomba, nikaweka buluu mpya, kazi ikaendelea. Fundi wangu sasa anawafungia hivyo wateja wake wengine, na hilo limenifurahisha kuliko kitu chochote.

Unapoinunua, kata kidogo ncha ya waya wa holda uone kilicho ndani. Nimekuta zilizoandikwa 30A zenye ganda nene na nyuzi chache za aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba. Hizo ziache. Waya wa holda usiwe mwembamba kuliko waya wako, na viungo vichomelewe kwa risasi au vibanwe kwa soketi za kubana. Kusokota na kufunga tepu peke yake kunarudisha lile joto la holda ya kwanza.

Haifai kila mahali. Inverta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi) ya wati 1000 inavuta ampi 90 hadi 100 kwenye betri ya volti 12, kwa hiyo inataka fyuzi kubwa za kufunga kwa bolti. Betri kubwa za lithiamu nazo hutoa shoti kali kupita uwezo wa fyuzi bapa kuikata, hivyo tafuta fyuzi iliyotengenezwa kwa ajili yake. Kwa taa, TV na simu kama zangu, hii inatosha. Nililipa shilingi elfu mbili, na fyuzi za akiba nimezibandika kwa tepu pembeni ya kontrola.