Ngao ya Jamii ya Wanawake Uingereza: Wembley au Uwanja Mdogo?

Ngao hii ya kufungua msimu imewahi kuchezwa kwa njia mbili. Mwaka 2008 Arsenal waliifunga Everton 1-0 katika uwanja mdogo wa Moss Rose, mjini Macclesfield. Tarehe 29 Agosti 2020, baada ya ukimya wa miaka kumi na miwili, Chelsea waliifunga Manchester City 2-0 pale Wembley, saa chache kabla ya wanaume wa Arsenal na Liverpool kuingia uwanja huohuo.

Kwa hadhi, Wembley haina mpinzani. Shuti la mbali la beki wa Chelsea, Millie Bright, lililofungua ukurasa wa mabao siku ile, lilistahili jukwaa la namna hiyo, ingawa inaniuma kwamba viti vyote takribani 90,000 vilikuwa vitupu kwa sababu ya korona. Gharama nazo hupungua, kwa kuwa ulinzi na matangazo huandaliwa mara moja kwa mechi mbili.

Uwanja mdogo hushinda kwa ukaribu na uhuru: mashabiki elfu chache huujaza na kuupa sauti, na wanawake hawachezi kama utangulizi wa wanaume.

Anayetaka mchezo uonekane na watu wasioufuatilia ataona Wembley inafaa zaidi. Mzazi anayempeleka binti yake kwa mara ya kwanza, akitaka asimame karibu na mstari na kusikia wachezaji wakiitana, nitamwelekeza kwenye uwanja mdogo bila kusita.