TAHADHARI: Saa za "kupima sukari bila kutoboa kidole" ni utapeli

Ndugu zangu, hasa mlio na wazazi wenye kisukari, presha au waliopata kiharusi, naomba msome hii. Kuna mtu anauza saa za mkononi Instagram na kwenye makundi ya WhatsApp kwa sh. 85,000, anasema duka lake liko Kariakoo. Tangazo linadai saa inahesabu hatua, inasimamia mazoezi, inapima presha na oksijeni, na inapima sukari bila kutoboa kidole. Binamu yangu alimnunulia mama mkubwa, ambaye anajifunza kutembea upya baada ya kiharusi na ana kisukari cha miaka mingi. Hela ikatumwa kwa simu, bodaboda akaleta boksi, risiti hakuna.

Saa ikawa inamwonyesha mama sukari ya tano na pointi kila saa. Asubuhi kabla ya chai, tano na pointi. Baada ya ubwabwa, tano na pointi. Mama akafurahi, akaanza kuuliza kama dawa zinaweza kupunguzwa. Nilipofika nyumbani nikamtoboa kidole kwa mashine yake ya siku zote: 16.8, yaani juu sana. Saa muda huohuo inasema 5.4. Nikaivua, nikakunja kanga, nikaifunga saa juu ya kanga na kuiweka mezani. Taa ya kijani ikawaka, ikasubiri kidogo, kisha ikaleta majibu: mapigo ya moyo 76, presha 118/77, sukari 5.5. Kanga haina moyo wala damu. Namba zile zimetungwa, na mgonjwa anazitegemea kuamua dawa zake!

Sisemi saa zote ni mbovu. Kwenye saa ya kweli, ile taa ya kijani inamulika ngozi na kihisi kinasoma jinsi mwanga unavyorudi damu inapopita, ndiyo inapata mapigo. Ndani kuna kihisi kingine cha mwendo, hicho ndicho kinahesabu hatua. Teknolojia hiyo ipo na inasaidia watu. Ila sukari ni habari nyingine kabisa. Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo rasmi ikisema haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kupenya ngozi, ya kampuni yoyote ile. Vifaa vya kweli kama FreeStyle Libre na Dexcom vina kijiuzi chembamba kinachoingia chini ya ngozi; simu au saa inaonyesha tu majibu yanayotoka huko. Na presha pia, saa chache zinazoaminika ama zina mkanda unaojaa hewa, ama zinalinganishwa kwanza na mashine ya kawaida ya mkononi. Hii ya huyu bwana haina mkanda wala haikuomba kulinganishwa na chochote.

Hata hatua inadanganya. Mama akikaa kwenye bajaji barabara ya vumbi, hatua zinapanda kwa mamia. Akitembea na kigari chake cha kushikilia, hazisogei. Hapo niseme ukweli, hata saa nzuri hupata shida mtu akitembea polepole na mikono imeshika kigari, maana mkono hautikisiki. Kwa mgonjwa wa kiharusi, mpango wa mazoezi utoke kwa mtaalamu wa fiziotherapia anayemwona akitembea, usitoke kwenye kioo cha saa.

Kingine kilichonitisha ni programu yake. Haipo Play Store. Unaskani alama iliyo kwenye boksi, inajipakua yenyewe, halafu inaomba ruhusa ya kusoma majina yote ya simu na meseji zako. Kuhesabu hatua hakuhitaji meseji. Kwenye meseji ndiko kuna namba za siri za benki na taarifa za salio lako. Kama umeshaiweka, ifute leo, badilisha namba ya siri ya huduma ya pesa na ya benki, na angalia miamala yako.

Binamu alipodai hela yake, muuzaji alisema "subiri fundi," kisha akamzuia. Siku chache baadaye picha zilezile zikatokea kwenye akaunti yenye jina jipya, kwa hiyo msitafute jina, angalieni tangazo: mzee wa kizungu anayetabasamu, maneno "bila kutoboa", bei imekatwa nusu "kwa leo tu", na malipo kabla ya kuona mzigo.

Mliotapeliwa, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako mapema kabla hela haijatolewa, na ripoti namba yake kupitia 15040. Vifaa tiba viko chini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wapelekeeni picha za boksi na tangazo. Na kama mzazi wako anayo mkononi sasa hivi, mpime sukari kwa kidole leo, na asipunguze dawa yoyote mpaka aonane na daktari wake.