Kusoma chimbuko la fahamu: uanze na pweza au na sponji?

Ukitaka kusoma jinsi wanyama walivyopata fahamu, njia ziko mbili. Ya pweza inakunasa mara moja: ana seli za neva zipatazo milioni 500, takriban theluthi mbili zikiwa kwenye minyiri, hivyo mnyiri hupapasa na kuonja jiwe bila kungoja kila amri kutoka kichwani. Tena babu yetu wa pamoja naye aliishi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Akili ya pweza imekua kivyake kabisa. Ya sponji huenda taratibu, hatua kwa hatua: sponji, mnyama sahili wa majini, hana neva hata moja; kisha konyeza, yule mnyama laini wa baharini anayewasha, ana mtandao wa neva bila ubongo. Inachosha mwanzoni, lakini ndiyo inayogusa swali lenyewe la chimbuko. Mimi ningeanza na sponji, pweza baadaye.