Mafunzo ya siku mbili ya kuzuia mauaji ya vijana, Kivumbini

Nilihudhuria mafunzo haya katika ukumbi wa kanisa mtaani Kivumbini, Nakuru, kwa kuwa nina wavulana wawili na ninahudumu katika Nyumba Kumi, kamati ya majirani ya usalama wa mtaa. Hayakuwa na malipo, na chai ilitosha.

Zoezi la asubuhi ya kwanza ndilo lililonigusa zaidi. Mkufunzi alitandaza karatasi kubwa sakafuni, akatuomba tuchore vichochoro vyetu, kisha kila mtu aweke punje ya maharagwe mahali alipojua kijana amechomwa kisu au kukatwa panga. Punje zilirundikana karibu na nyumba inayouza chang'aa na kwenye njia ya mkato isiyo na taa, na tulipoulizana saa, karibu zote zilikuwa za usiku wa wikendi. Mama aliyeketi kando yangu alikaa na yake mkononi kwa muda mrefu kabla ya kuinama kuiweka.

Mkufunzi alieleza kwamba duniani huuawa kila mwaka zaidi ya vijana 170,000 wa miaka 15 hadi 29, wengi wao wa kiume, na kwamba mara nyingi chanzo ni deni dogo, tusi au msichana, ila pombe na kisu kilicho karibu ndivyo hugeuza ugomvi kuwa msiba. Aliyejeruhiwa leo, au rafiki yake, ndiye hulipiza kesho. Kwa hiyo daktari Gary Slutkin, aliyewahi kupambana na kipindupindu Somalia, alianzisha Chicago mwaka 2000 mpango wa kuwatuma watu wanaoaminika mitaani kutuliza hasira kabla kisasi hakijalipwa. Hoja hiyo naiamini kabisa, na ningemhimiza kila mzazi aende kuisikia.

Tatizo ni nambari ya simu tuliyopewa ya kuita wasuluhishi. Jumamosi moja, saa nne usiku, kijana wa jirani alirudi na damu usoni akitafuta panga la babake. Nilipiga mara tano, haikupokelewa, na nilipigiwa Jumatatu asubuhi. Wazee wawili wa mtaa ndio waliokaa naye mlangoni hadi alfajiri.

Naomba waandaaji waweke wasuluhishi wa zamu ya usiku, Ijumaa hadi Jumapili, hata ikibidi pesa za chai ndizo ziwalipe.